Likizo ya Juni: tulivyogawana siku na baba watoto mpaka ugomvi ukaisha

Dada zangu wawili na jirani mmoja waliniambia neno lilelile: usiwapeleke watoto kwa baba yao. "Ukiwaachia waende Singida hawarudi hao." Jirani akaongeza kwamba nimnyime baba yao mpaka alete hela ya matumizi yote. Niliwasikiliza likizo nzima ya Juni 2024, na mpaka leo naijutia.

Makubaliano yetu yalikuwa ya simu tu: shule zikifunga, atakuja kuwachukua. Lini? Hakuna aliyetaja tarehe. Zilipofungwa nikaanza visingizio, mara mdogo anakohoa, mara nguo hazijakauka. Naye akachoka kungoja, akapanda basi bila kuniambia, akanigongea geti Jumamosi saa tatu usiku. Tulitupiana maneno pale pale nje, majirani wakisikia. Aliondoka peke yake. Mwanangu mkubwa, wakati huo ana miaka minane, alikuwa amefunga begi lake tangu Jumatano. Nilimkuta chumbani analifungua, anakunja nguo moja moja na kuzirudisha kabatini, halii, hasemi. Nilikaa kitandani kwake nikakosa hata neno la kumwambia.

Jumatatu nikaenda ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri yetu. Nilikwenda kumshtaki baba watoto, nasema ukweli. Nilikuwa nimeambiwa Sheria ya Ndoa ya 1971 iko upande wangu kwa sababu mdogo hajatimiza miaka saba. Ni kweli sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya umri huo ni heri akae na mama, ila hata hilo linaweza kupingwa mahakamani, na halimzuii kwenda kwa baba. Yule dada afisa akanionyesha Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 26: wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye, alimradi masomo yasiharibike. Haki ni ya mtoto. Kisha akauliza, "Mama, likizo ijayo inaanza tarehe ngapi?" Sikuwa na jibu. Alituita wote wawili, tukaandika makubaliano, tukasaini. Sikulipa chochote zaidi ya nauli ya daladala.

Lakini karatasi peke yake isingetufikisha mbali. Kilichotuokoa ni kalenda. Nilinunua mbili zinazofanana, za ukutani, moja nikaituma Singida kwa basi. Siku za baba kijani, siku zangu bluu, na waliopaka rangi ni watoto wenyewe. Tangu hapo hakuna anayeniuliza "tunaenda lini?" Wanahesabu kwa vidole ukutani.

Jambo la pili ni Dodoma. Dar hadi Singida ni siku nzima barabarani, na kila safari mmoja wetu alihisi anaonewa. Juni 2025 tukakubaliana tukutane katikati: mimi napanda nao treni ya SGR, baada ya mwendo wa kama saa nne hivi tuko Dodoma, baba anakuja na basi kutoka Singida. Tiketi yangu ilikuwa elfu thelathini na kitu, watoto nusu. Tunakabidhiana mchana, mahali penye watu, tunakula wote wanne wali kuku, kisha naagana nao. Kile chakula msikiruke. Watoto wanatuona tumekaa meza moja, na wanaondoka bila kugeuka nyuma kwa woga.

Mdogo ana pumu, kwa hiyo daftari moja husafiri naye. Nimeandika dawa, kiasi, na dalili za kumwahisha hospitali. Baba naye huandika. Likizo ile alijaza kurasa tatu, mpaka siku mtoto alipokohoa usiku kwa vumbi la kupepeta alizeti. Nilipoisoma nililia, maana nilizoea kusema yule baba hajali.

Simu ni saa moja jioni, basi. Mwanzoni nilipiga mara nne kwa siku na kuwauliza mmekula nini, nani kawaogesha. Mkubwa akaanza kunijibu kwa wasiwasi, nikaelewa ninamgeuza mpelelezi. Habari ya ada na matumizi tunaongea wazazi wawili, watoto wakiwa wamelala. Na msigombanie nguo zilizopotea. Gauni la mtumba halina thamani ya kumharibia mtoto furaha ya kurudi nyumbani.

Kazi za likizo wanamaliza wiki ya kwanza, wakiwa kwangu. Kwa bibi yao ni kuku, mbuzi na Kinyaturu. Walirudi wanasalimiana Kinyaturu ndani ya treni, mdogo akinifundisha kuitikia.

Desemba tunapokezana: Krismasi mwaka huu kwa huyu, mwaka ujao kwa yule. Juzi nimemkuta mkubwa amepanda kiti, anapaka tarehe 25 kijani. Hakuniuliza. Nilimshikia kiti asianguke.