Ziwa Nalo Hupumzika

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la juma hili ni Marko 6:30-34. Someni kwanza, ndipo mnivumilie, maana nina jambo la kukiri.

Nilipofika Kigoma nikiwa na miaka 24, mwalimu mgeni wa shule ya msingi, nilinunua daftari nikaandika humo kanuni za maisha yangu. Kuamka saa 10 alfajiri. Kuoga maji ya baridi. Kutokula kitu baada ya saa 12 jioni. Kutojibu neno nikiwa na hasira. Juu ya ukurasa wa kwanza niliandika kwamba mwili ni punda, usipoupanda utakupanda wewe, nikaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Asubuhi nilikuwa nikisimama ufukweni Kibirizi kulitazama Ziwa Tanganyika lililotulia bila hata kunyanzi, nikiomba nifanane nalo.

Niliamini kwamba amani ni utulivu, kwamba afya ni mshahara wa anayejitawala, na kwamba anayeugua kuna mahali alipolegea. Hilo la mwisho sikuliandika daftarini, lakini ndilo nililoliishi kuliko yote. Andiko nilikuwa nalo tayari: Paulo katika 1 Wakorintho 9 anasema anautesa mwili wake na kuutumikisha. Sikurudi nyuma mistari michache kuona kwamba alikuwa anaeleza jinsi alivyojifanya mtumwa wa watu wote. Yeye alijinyima kwa ajili ya wengine. Mimi nilijinyima ili nijione safi.

Kisha shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mvuvi wa dagaa, akalazwa kwa presha. Nilikwenda kumwona. Nikasimama kando ya kitanda chake, mkono mmoja nimeshika Biblia, nikamwambia, "Shemeji, mwili umeuachia mno." Hakujibu. Alivuta shuka mpaka kifuani akageukia ukutani, nami nikatoka nikijua nimesema kweli.

Wapendwa, miaka mingi imepita na ule mgongo ninauona bado.

Zamu yangu ilifika. Nilimsindikiza mke wangu zahanati, muuguzi akasema, mzee na wewe kaa nikupime. Ikasoma 178 kwa 104. Akapima mkono wa pili, hali ni ileile. Sikuwa na maumivu yoyote, wala kichwa kuuma. Ugonjwa huu mara nyingi hukaa kimya. Akaniuliza, "Kwenu nani alikuwa nayo?" Ndipo nikamkumbuka mama, aliyeanguka jikoni asiinuke tena. Presha hutembea katika ukoo, na umri nao huileta, hata kwa mtu anayeamka saa 10 alfajiri. Sisemi kanuni hazina kazi: kupunguza chumvi na kutembea kwa miguu kunasaidia kweli, na leo navizingatia kuliko ujanani. Ila sikuwa nimeilipia afya yangu. Nilikuwa nimepewa, nikaisimamia kama mali yangu.

Usiku ule nilisoma 1 Timotheo 5:23 kana kwamba siijui. Paulo anamwambia Timotheo asinywe maji tu, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Mara kwa mara! Mtumishi mwaminifu, na bado anaumwaumwa. Na Paulo hamuulizi amelegea wapi. Anamwelekeza tiba.

Hata ziwa nililiona kwa juujuu. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, lakini sehemu kubwa ya maji ya chini haina hewa, samaki hawaishi huko. Kiangazi upepo wa kusini unapolichafua, ndipo rutuba ya chini inapanda juu, viumbe vidogo vya majini vinaongezeka, na dagaa wanapata chakula. Yale mawimbi niliyoomba yasinipate ndiyo yanayowalisha samaki wetu. Na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaingii, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa penye mbalamwezi. Wanakaa nchi kavu wanashona nyavu.

Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, Serikali ilisimamisha uvuvi ziwa zima upande wetu ili samaki wazaliane. Sitaki kulipamba jambo hili; mwenye watoto wa kulisha, miezi 3 ni mirefu. Lakini katika siku hizo shemeji alikuwa nyumbani, nami nikakosa kisingizio cha kutokwenda.

Katika somo letu Yesu anawaita wanafunzi waende faragha wakapumzike kidogo, kwa sababu hawakuwa na nafasi hata ya kula. Wanavuka kwa chombo, na watu wamekwisha kutangulia ng'ambo. Daftari langu lingesema, funga mlango. Yeye aliwahurumia. Amani yake ilikuwa na nafasi ya watu.

Nilimkuta shemeji amekaa chini ya mwembe, wavu umelala mapajani, sindano ya kushonea mkononi. Nikamwambia yale niliyomtamkia hospitali yalikuwa dhambi, anisamehe. Akashona matundu mawili, matatu.

"Siku ile," akasema, "nilidhani umekuja kuniombea."

Sikuwa na la kujibu. Nikapiga magoti palepale mchangani, nikaomba, kwa kuchelewa namna ile. Nilipoinuka alikuwa ananitazama usoni.

"Leo umemeza dawa?"

Nilikuwa sijameza. Zilikuwa mfukoni mwa shati. Akamwita mtoto alete maji.