Nilivyowafundisha wanafunzi wangu damu inavyorudi moyoni

Damu kutoka moyoni haikuwatia tabu wanafunzi wangu wa kidato cha pili hapa Wete. Moyo unasukuma, ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, zinapokea, basi. Kilichowashinda ni safari ya kurudi. Msichana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, damu ikishafika kwenye nyayo, nani anaipandisha?" Swali lile nililipenda mno, nikaona kulijibu kwa mchoro wa ubaoni tu ni kulidhulumu.

Nilimwomba muuza nyama aniwekee moyo wa ng'ombe mzima, tukaupasua darasani. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto, kinachosukuma damu mwili mzima, ulikuwa mnene kuushinda kwa mbali ule wa kulia, ambao kazi yake ni kuifikisha damu mapafuni tu. Aota, ile ateri kuu inayotoka moyoni, ilibaki wazi hata baada ya kukatwa. Vena kubwa, mshipa unaorudisha damu moyoni, ilijilalia bapa. Watoto walizishika zote mbili kwa vidole vyao. Hapo swali likazidi uzito, maana damu inayotoka kwa nguvu kwenye aota hupita baadaye kwenye kapilari, vimishipa vyembamba hata chembe nyekundu hupita moja moja kwa msururu. Ikitokea upande wa pili, msukumo uliobaki ni mdogo sana.

Jibu tulilitafuta mkononi, kwa njia aliyoionesha tabibu Mwingereza William Harvey katika kitabu chake cha mwaka 1628. Nilimwita kijana mmoja anayekwea mikarafuu msimu wa kuchuma, mishipa yake imetuna vizuri. Nilimfunga kitambaa juu ya kiwiko bila kukaza sana. Kwenye vena vikajitokeza vinundu: ndipo zilipo vali. Nikabonyeza vena kwa kidole upande wa kiganja, na kwa kidole cha pili nikaisukuma damu kuelekea kiwiko mpaka ikavuka kinundu. Nilipokiinua kile cha pili, kipande cha katikati kilibaki kitupu. Damu iko juu pale pale, lakini hairudi chini! Nilipoachia kidole cha kwanza, ikajaa mara moja kutokea chini. Darasa zima likataka kujaribu.

Vali ni mlango unaofunguka upande mmoja tu. Anayesukuma ni misuli: shavu la mguu likikaza tunapotembea, hubana vena za ndani, na damu haina pa kwenda ila juu. Kuvuta pumzi nako husaidia. Yule msichana akasema mama yake hukaanga mandazi amesimama, na jioni miguu huvimba. Nilimwambia amshauri awe anatembeatembea na kuinua visigino, ila aende pia hospitali, kwa sababu miguu huvimba kwa mambo mengi, ya moyo na figo yakiwemo.

Niliwasimulia pia habari za Ibn al-Nafis, tabibu aliyefanya kazi Misri katika karne ya 13, aliyeeleza damu inavyopita mapafuni zaidi ya miaka 300 kabla ya Harvey. Nadhani kila mtoto wa Pemba anastahili kulijua jina hilo.

Mwalimu mwenzangu ukitaka kujaribu, mwambie muuza nyama mapema asiupasue moyo wala asiikate aota karibu na shina. Kitambaa kisikae mkononi zaidi ya dakika chache, na mwanafunzi akihisi ganzi, kifungue hapo hapo.