Kisutu mgongoni: vazi langu la Pride

Nyanya alinipa doti ya kisutu siku tatu kabla sijapanda ndege, mwaka 2016. Kwetu Mombasa kisutu ni leso ya harusi: nyekundu, nyeupe na nyeusi. Alikuwa ameikunja na vipande vya udi, akaniambia nitaivaa siku yangu ikifika. Nikaja nayo London, ikakaa chini ya sanduku miaka minane. Mimi ni mwanamke ninayependa wanawake, na harusi aliyokuwa akiiwaza nyanya sitaiona. Mwaka 2024 nikaamua siku yangu ni Pride, sherehe ya wazi ya sisi tunaopenda wa jinsia yetu.

Nilianza kwenda UK Black Pride, Pride ya watu weusi na wa kahawia, mwaka 2019, ilipokuwa Haggerston Park, London. Ilianza 2005, wanawake weusi wasagaji walipofunga safari ya pamoja kwenda pwani ya Southend-on-Sea, na kutokana na siku ile moja ufukweni ikakua mpaka ikajaza bustani nzima. (Neno "wasagaji" nimelitumia kwa makusudi. Nimelisikia likitupwa kama jiwe maisha yangu yote, nami naliokota.) Mwaka ule wa 2019 nilivaa fulana ya dukani yenye upinde wa mvua kifuani. Miezi miwili kabla, mwezi wa Mei, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikuwa imekataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya adhabu ya Kenya, vinavyoweza kumfunga mtu kwa mapenzi ya jinsia moja. Nilisimama katikati ya watu wanaocheza nikihisi fulana ile haisemi lolote kuhusu nilikotoka wala nilichokuwa nacho moyoni siku ile. Mtu yeyote angeweza kuivaa.

Leso ndiyo inayosema. Mwanamke wa pwani akitaka kumjibu jirani, kumpoza mume au kumshukuru mamake, huchagua leso kwa jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, akaifunga na kupita, na watu husoma nyuma yake. Kisutu changu lakini hakikuwa na jina. Ilinibidi nilitunge mwenyewe.

Maneno nilitaka yakae mgongoni, na si kwa ajili ya mila tu. Wengi wetu hatuwezi kupigwa picha ya uso. Picha moja ikifika nyumbani, mamako ndiye anayeulizwa sokoni, na mdogo wako ndiye anayesemwa shuleni. Vazi lenye maneno nyuma linakuruhusu umwambie mpiga picha apige, ukampa mgongo, na bado ukawa umesema yote. Ukishona la kwako, fikiria hilo kabla hujagusa mkasi.

Nikachagua methali tunayoijua sote: mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Nilitaka kushona aina ya dera, kisutu kizima nyuma na pamba nyeupe mbele, nisipunguze upana hata kidogo. Leso ina upana wa kama sentimita 150, kwa hiyo nikinyoosha mikono inafunguka yote. Herufi za sentimita saba zinasomeka kwa mbali, lakini methali nzima ina herufi 34, na kwa ukubwa huo ingehitaji zaidi ya mita mbili. Kuzipunguza sikutaka. Nikaandika nusu ya kwanza tu: MAPENZI NI KIKOHOZI. Nusu ya pili Mswahili anayo kinywani.

Kabla ya yote, fua. Leso mpya ina wanga, na hata iliyokaa miaka kama yangu, kama haijawahi kuguswa na maji, rangi nyekundu itachuja na kupaka pamba nyeupe utakayoiunganisha nayo. Niliifua peke yake kwa maji baridi mara nne, mpaka maji yakatoka meupe. Ilipokauka nikaipiga pasi, na harufu ya udi ikapanda pamoja na mvuke. Sikuendelea usiku ule.

Maua ya kisutu yana mambo mengi, herufi zikiwekwa juu yake zinapotea. Nikafanya kama leso zenye jina zinavyofanya, maneno yakapewa nafasi yake: nikashona ukanda mweupe kwenye mabega, yakae humo. Herufi nilizikata kutoka kitambaa cheusi kilichopakwa ile karatasi ya gundi inayoyeyuka kwa pasi. Hapo ndipo palipoharibika. Karatasi ile huchorwa upande wa nyuma, kwa hiyo herufi lazima zichorwe kinyume, mimi nikachora kama zinavyosomeka. M, A, I, O na H hazikujali. P, E, N, Z na K zote zikatoka zimegeuka, na kitambaa kilikuwa kimekwisha. Ukikata herufi, zichore kwanza kwenye karatasi ya kawaida, ishikilie dirishani kwenye mwanga, unakili upande wa pili. Kisha gundi peke yake usiitegemee. Zungushia kila herufi mshono wa zigizaga uliobanana, la sivyo zitanyanyuka pembeni kabla ya jua kuzama.

Kitambaa kingine nilikipata soko la Ridley Road, Dalston, na hapo hapo nikanunua rangi za upinde. Hili la rangi lilinigusa kama binti wa fundi wa nguo. Bendera ya kwanza ya upinde, aliyoibuni Gilbert Baker huko San Francisco mwaka 1978, ilikuwa na rangi nane, na watu waliojitolea waliitia rangi kwa mikono yao. Waridi iliyokolea ikaachwa baadaye kwa sababu kitambaa chake hakikupatikana kwa wingi. Hata bendera ile ilipangwa na kilichopo dukani, kama baba alivyokuwa akimwambia mteja kwamba bitana ya kijani imekwisha, achague nyingine.

Nami nikaweka rangi nane, lakini za kwangu: sita za bendera ya sasa, na juu yake nyeusi na kahawia, zilizoongezwa Philadelphia mwaka 2017 kwa ajili yetu watu weusi na wa kahawia. Nyeusi niliitoa kwenye kaniki kuukuu. Kila ukanda nilikata sentimita tano, ukabaki tatu baada ya kuunganishwa pande zote mbili, na zote nane zikawa pindo la chini la sentimita 24. Sentimita 110 za urefu wa leso zikafika kama 134, na vazi likanigusa vifundo vya miguu.

Mama alipiga simu nikiwa kwenye pindo, akasikia cherehani. Aliniuliza nashona nini. Nikamwambia nimechukua kipande kimoja cha kisutu cha nyanya, nashona nguo ya sherehe. Sikusema sherehe gani. Alinyamaza muda mrefu, na mama anajua ninavyoishi ingawa hatujawahi kulitaja. Kisha akauliza, "Umeifua kwanza?"

"Nimeifua, mama. Mara nne."

"Basi vizuri. Pindo lifunge mara mbili, usilifanyie haraka."

Nikalifunga mara mbili.

Agosti nikalivaa, Queen Elizabeth Olympic Park, Stratford. Jua lilikuwa kali. Muziki ulipopanda nikainua mikono na shoga zangu wawili (kwetu wanawake hulitumia neno hilo kwa marafiki, nami sitaliacha), na nyuma yangu nikasikia sauti ya mtu mzima, taratibu, kama anayemalizia sala: "Hayawezi kufichika."

Nikageuka. Alikuwa mama wa makamo, miwani ameipandisha kichwani, macho yamejaa machozi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia kwao ni Tanga. Alishika ncha ya kisutu kwa vidole viwili, akaipapasa.

"Na kipande chake cha pili kiko wapi, mwanangu?"

Nikamwambia kiko nyumbani, hakijakatwa.