Barkley Hakuwa Ghali, Jones Ndiye Aliyekuwa Ghali

Mwaka 2025 kila timu ya NFL, ligi ya mpira wa Marekani, iliwekewa kikomo cha mishahara cha dola milioni 279.2. Nilizigeuza kuwa shilingi zetu za Uganda nikapata karibu trilioni moja, nikafuta, nikapiga hesabu upya, ikaja ileile. Timu ziko 32 na kila moja ina trilioni yake. Ukiacha salio la mwaka uliotangulia, ambalo unaruhusiwa kulivusha, hakuna anayepata zaidi ya mwenzake, hata kama mwenye timu ana visima vya mafuta. Halafu kila Machi utawasikia mashabiki wa timu fulani wakilia kwamba pesa hakuna, huku jirani yao mwenye kikomo hichohicho anasajili kila anayemtaka. Mimi ni wa timu inayolia.

Naandika nikiwa Busia, upande wa Uganda, ambako naweka vitabu vya SACCO ya waendesha boda. Mpira wa Marekani nilianza kuufuata Februari 2012 kwa sababu ya mtu mmoja, Mathias Kiwanuka. Ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wetu wa kwanza na baadaye jaji mkuu aliyeuawa 1972 wakati wa Amin. Mathias alikuwa mlinzi wa New York Giants, na mwaka ule walichukua Super Bowl, fainali ya ligi, mjini Indianapolis, mji aliozaliwa. Baba yangu, mtu wa DP, chama cha Benedicto, kwa damu, alitangaza nyumbani kwamba hiyo ndiyo timu yetu na hakuna aliyebisha. Kiwanuka alipostaafu Baba akarudi kwenye ligi ya Uingereza. Mimi nikabaki na Giants na hesabu zao.

Hesabu ndizo zilizoninasa. Chukua mchezaji aliyesaini mkataba wa miaka 5, na siku ya kusaini akapewa bonasi ya dola milioni 50. Yeye pesa yake anaitia benki. Kwenye vitabu vya ligi, bonasi inagawanywa: milioni 10 mwaka wa kwanza, 10 wa pili, hivyo hivyo hadi wa tano. Timu imetoa mlima wa pesa na bado kitabuni inaonekana haijatoa kitu. Balaa linakuja ukimwacha baada ya miaka 2. Zile milioni 30 ambazo hazijahesabiwa zinakuangukia kwa mpigo, na mchezaji mwenyewe hayupo. Ukingoja ipite Juni 1 unaruhusiwa kuzigawa kwa miaka 2, basi, huruma yao inaishia hapo.

Kule wanaiita pesa iliyokufa, na wanachama wetu hawahitaji mwalimu kuielewa. Mtu amekopa pikipiki, analipa kila wiki, usiku mmoja inaibwa. Pikipiki haipo, deni lipo, na kila kikao jina lake linasomwa. Ila kwenye NFL hakuna mwizi wa kumlaumu, ulichagua mwenyewe.

Kuna Afande mstaafu, mwenyekiti wa steji iliyo mbele ya ofisi yetu, Arsenal wa kufa na kuzikana. Nilipomweleza haya akacheka. "Madamu, mimi nimelinda mpaka huu miaka. Hakuna mpaka usio na njia ya panya."

"Zipo, Afande," nikamwambia. "Na wanaozijua kuliko wote wako Philadelphia, ndio wapinzani wetu."

Nitawafikia hao wa Philadelphia. Kwanza Giants, kwa sababu walichokifanya 2023 bado kinanichoma.

Mei 2022 timu ilikuwa na meneja mkuu mpya, Joe Schoen. Daniel Jones, kwotabeki wao, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa mkataba wake wa kwanza, na Giants walikuwa na haki ya kumwongezea mwaka wa tano kwa kama dola milioni 22. Wakakataa. Hawakumwamini, na kwa niliyokuwa nimeyaona, sikuwalaumu. Msimu ukaanza, Jones akacheza vizuri, Giants wakashinda mechi 9, wakaingia mchujo, wakaifunga Minnesota nyumbani kwake. Wiki iliyofuata Eagles, hao wa Philadelphia, wakawachapa 38-7, lakini hiyo watu waliisahau upesi ajabu. Machi 2023 Jones akapewa miaka 4 kwa dola milioni 160. Ilipita miezi 10 tu. Mtu ambaye milioni 22 za mwaka mmoja zilikuwa nyingi kwake, sasa anastahili 40 kila mwaka!

Wakati huohuo mkataba wa Saquon Barkley, mkimbiaji wao, nao ulikuwa umekwisha. Ligi inaipa kila timu tagi moja kwa mwaka: unambandika mchezaji mmoja, haendi popote, unamlipa mshahara wa mwaka mmoja uliopangwa kulingana na nafasi anayocheza. Mwaka 2023 tagi ya kwotabeki ilikuwa dola milioni 32.4, na ya mkimbiaji 10.1. Moja tu, chagua. Giants wakakimbizana na saa, Jones akasaini mkataba mrefu siku ileile ya mwisho ya kubandika, na tagi ikaenda kwa Barkley. Kwa harakaharaka unaona wameokoa milioni 22.

Hapo ndipo mimi na Schoen tunapoachana. Tagi unaitumia kwa mtu usiyemjua, ili upate mwaka mmoja zaidi wa kumtazama kabla hujajifunga naye. Barkley walimjua, walimchukua wa pili kwenye drafti ya 2018, pale timu zinapogawana chipukizi, wameona mazuri yake na majeraha yake yote. Fumbo lilikuwa Jones, mwenye msimu mmoja mzuri. Ndiyo, milioni 32 zingehesabiwa zote mwaka uleule na Machi ile Giants wasingekuwa na cha kununulia wengine. Ungekuwa mwaka mmoja wa kufunga mkanda. Badala yake wakajifunga kwa yule wasiyemjua, na yule wanayemjua wakamwambia asubiri.

Novemba 2023 Jones akakatika ligamenti ya goti. Novemba 2024, timu ikiwa imeshinda mechi 2 kati ya 10, akawekwa benchi. Mkataba ulikuwa na kipengele kwamba akiumia tena, milioni 23 za mwaka unaofuata zinakuwa zake, kwa hiyo hata kumgusisha uwanja ilikuwa hatari. Siku chache baadaye wakamwachia aende. Mwaka 2025 kwenye kikomo cha Giants zilikaa zaidi ya dola milioni 22 kwa jina la Daniel Jones, na mwenyewe yuko Indianapolis anachezea Colts.

Barkley je? Machi 2024 akawa huru, Eagles wakampa miaka 3 kwa dola milioni 37.75. Soma tena. Mkataba mzima wa Barkley, miaka yote mitatu, ulikuwa mdogo kuliko mwaka mmoja wa Jones. Msimu huo akakimbia yadi 2,005. Rekodi ya Eric Dickerson ya 1984 ni 2,105, alibakiza 101 aivunje, na mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya nani? Giants. Kocha wa Eagles akampumzisha. Sijui kama niliwahi kuwashukuru Eagles kwa jambo lolote, lakini kwa hilo niliwashukuru.

Tarehe 9 Februari 2025, siku anayotimiza miaka 28, Barkley akabeba kombe, Eagles wakiifunga Kansas City 40-22. Mmoja wa wenye timu ya Giants, John Mara, alikuwa amesema mbele ya kamera kwamba Barkley akienda Philadelphia, yeye Mara usingizi utamkataa. Kwetu mechi ilianza saa nane na nusu usiku. Mimi nilikesha, bando likaisha robo ya tatu, na sikulinunua lingine.

Wanaomtetea Schoen wana hoja na si haki kuificha. Msimu wake wa mwisho New York, Barkley alikimbia yadi 962 tu, wastani wa 3.9 kila anapopewa mpira. Ukuta wa mbele wa Eagles ulikuwa mwingine kabisa, ungeweza kunifungulia hata mimi njia. Na wakimbiaji huzeeka mapema, kila mhasibu wa ligi ile atakwambia usiwalipe. Nakubali yote. Angebaki, asingefikisha 2,005. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini walimwachia 2024 tu. Haielezi 2023.

Sasa njia za panya. Aprili 2023 Eagles walimpa kwotabeki wao, Jalen Hurts, miaka 5 kwa dola milioni 255. Ni ghali kuliko Jones, tena sana. Lakini mwaka wa kwanza kwenye kikomo alihesabiwa karibu milioni 6 tu. Meneja wao, Howie Roseman, anageuza karibu kila kitu kuwa bonasi, kisha anaongeza miaka hewa mwishoni mwa mkataba: miaka imeandikwa, imesainiwa, na kila mtu anajua mchezaji hatakuwepo. Kazi ya miaka hiyo ni kubeba hesabu. Mwanachama akiniletea mpango wa mkopo wa namna hiyo nitamwonyesha mlango.

Na bado kwa Eagles unafanya kazi, kwa sababu kikomo chenyewe hakikai mahali pamoja. Mwaka 2023 kilikuwa milioni 224.8, 2024 kikawa 255.4, 2025 ndiyo hiyo 279.2. Deni uliloliandika 2023 unalilipa wakati kapu limepanuka kwa milioni 54. Anayeahirisha anapata nafuu, anayelipa papo hapo kwa uadilifu anabaki anajisifu uadilifu wake.

Sharti lake ni pesa taslimu, na hapa watu wengi hupapita. Bonasi inagawanywa kitabuni tu, mchezaji analipwa kweli. Tena pesa iliyohakikishwa kwa miaka ya mbele, sheria za ligi zinamtaka mwenye timu aiweke kando mapema. Kwa hiyo kikomo ni kimoja kwa wote, lakini mifuko haifanani, na Jeffrey Lurie wa Eagles anakubali kufungua wake. Halafu Roseman anawafunga wachezaji wake mapema, kabla bei haijapanda. Barkley mwenyewe, mwezi mmoja baada ya kombe, aliongezewa miaka 2 kwa dola milioni 41.2.

Pesa iliyokufa nayo haiui kila mtu. Denver walimwacha Russell Wilson Machi 2024 akiwa amewaachia dola milioni 85 za kuhesabu: 53 mwaka ule, 32 uliofuata. Mwaka uleule wakaingia mchujo. Iliwezekanaje? Kwotabeki wao, Bo Nix, alikuwa ametoka kwenye drafti, na mishahara ya watoto wa drafti imepangwa na ligi, ni midogo. Na Wilson 2025 aliishia wapi? Giants, bila shaka. Denver wanahesabu milioni 32 zake, sisi tunapoteza naye mechi 3 za mwanzo mfululizo, kisha kiti kinakwenda kwa Jaxson Dart.

Afande alitaka kujua kwa nini Uingereza hawafanyi hivi. Nikamweleza kwamba huko walikuwa wanapima hasara badala ya mishahara, ndiyo maana Everton walikatwa pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa kuwa 6 baada ya rufaa. Hakuipenda hiyo. Kwake mtu akikosea hesabu, aadhibiwe sokoni, asinyang'anywe ushindi wa uwanjani, na mimi naona anasema kweli. Kuhusu ligi yetu ya Uganda hatukuongea sana. KCCA ni ya jiji, URA ni ya watoza ushuru, Police na UPDF majina yanajieleza. Ukubwa wa mfuko unategemea taasisi iliyo nyuma yako, na kikomo ni pale unapokauka.

Nirudi kwa Dart, kwa sababu yeye ndiye pumzi ya Giants sasa. Alichukuliwa wa 25 kwenye drafti ya 2025, na mkataba wake ni karibu dola milioni 17 kwa miaka 4 yote. Malik Nabers wa 2024 na Abdul Carter wa 2025 nao wako kwenye mikataba ya drafti. Wachezaji watatu wa aina hiyo kwa bei hiyo, wakati mmoja, timu haipati mara nyingi. Nabers anaweza kudai mkataba mpya baada ya msimu wa 2026, na mimi ningemlipa mapema, kwa bonasi kubwa, nimhesabu kidogo kidogo wakati Dart bado ni rahisi. Pesa zitakazobaki zote ziende kwenye ukuta wa mbele. Wapokeaji wenye majina na wakongwe wanaotafuta mwaka wa mwisho wa mshahara, hapana.

Uamuzi wa mwaka wa tano wa Dart utafika Mei 2028. Ningeuchukua, hata akiwa amecheza nusu ya tunachotarajia. Mwaka huo ukiisha na bado hatujamjua, tagi ipo. Miaka mingi na mamilioni 160 tutaizungumza baada ya hapo.