Jinsi nilivyotenganisha hali za ukingoni za bismuthi na kasoro za ncha ya hadubini
Hadubini yangu husogeza ncha kali ya chuma karibu sana na uso wa sampuli na kupima mkondo wa elektroni unaovuka pengo katika volti mbalimbali. Kwenye uso wa fuwele ya bismuthi (111, nambari inayotaja mwelekeo wa uso) uliopasuliwa ndani ya ombwe, ngazi zenye kimo cha tabaka pacha moja la atomi huzunguka vishimo vya pembesita, na kingo zake hupokezana aina mbili, A na B. Watafiti wa Princeton walionyesha mwaka 2014 kwamba elektroni zinazosafiri kando ya ukingo hujitokeza kwenye kingo za aina A tu, zikionekana kama kilele kikali kwenye grafu ya wingi wa nafasi za elektroni kwa kila nishati, takriban milielektronivolti 180 juu ya kiwango cha Fermi (nishati ambayo elektroni hujaza hadi hapo). Katika vipimo vyangu, hata hivyo, kilele kilionekana kwenye kingo zote, na hata katikati ya uwanda, mbali na ngazi yoyote. Jambo hilo ukingo wenyewe hauwezi kulisababisha, kwa hiyo nilishuku ncha ya tungsteni.

Niliiondoa sampuli nikaweka fuwele ya dhahabu (111), ambayo elektroni za uso wake huanza kuonekana karibu na volti −0.5 kwa mruko mmoja safi wa grafu. Mruko nilioupata ulikuwa na vilele vya ziada, ndipo nikaichovya ncha kidogo kwenye dhahabu na kuipa mapigo mafupi ya volteji, nikipima upya kila mara, hadi mruko ukabaki peke yake. Kazi hii inachosha, lakini sijaona njia ya mkato inayoaminika.

Niliporudi kwenye bismuthi, kilele kilibaki kwenye kingo za A pekee, nacho kilififia kila niliposogeza ncha nanomita chache kuingia uwandani.