Simu ya mezani kwenye spika: ninavyopata sauti safi

Sauti kama ya mtu aliye kisimani: hilo ndilo lalamiko kubwa la simu ya ofisini ikiwekwa spika, na lawama hutupiwa laini. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi tatizo liko palepale mezani.

Kwanza nahakikisha simu yenyewe ina maiki ya spika. Zipo simu ambazo kitufe cha spika hukuwezesha kupiga namba na kumsikia mwenzako tu. Akishapokea, lazima uinue mkonga ndipo naye akusikie. Jaribu kwa kumpigia mtu wa ofisi ya pili ukiongea bila kuinua mkonga. Asipokusikia, na taa ya kuzima maiki haiwaki, huenda simu yako ni ya aina hiyo.

Kupiga ni kubonyeza spika, kusubiri mlio, kisha namba. Kuhama kutoka kwenye mkonga ndiko kunakokata simu za wengi. Nabonyeza spika kwanza, taa yake ikiwaka ndipo narudisha mkonga. Simu nyingine hutaka ukishikilie kitufe mpaka mkonga utulie mahali pake. Kurudi kwenye mkonga ni kuuinua tu.

Sasa hicho kisima. Maiki ni kitundu kidogo, mara nyingi kwenye ukingo wa mbele wa simu, na faili moja likiegemea hapo linakiziba. Nakaa kama nusu mita. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti yangu inayofika moja kwa moja kwenye maiki hupungua kwa desibeli 6 hivi, lakini kelele ya feni na sauti inayogonga kuta hubaki karibu vilevile. Ndiyo maana kupaza sauti ukiwa mbali hakusaidii kama kusogea.

Mwenzako akisikia maneno yake yakimrudia, punguza spika ya kwako: sauti yake inatoka hapo na kuingia tena kwenye maiki yako. Simu zenye kuchuja mwangwi hujipima na chumba mwanzoni mwa maongezi, kwa hiyo siisogezi simu wala kuigeuza katikati ya mazungumzo.

Simu za zamani hupitisha upande mmoja kwa wakati. Mkiongea pamoja, maneno ya mmoja yanamezwa. Na kelele ikizidi chumbani, simu hudhani ni wewe unayeongea, ikamkata mwenzako katikati ya neno. Dawa yake ni kuzima maiki unaposikiliza na kuifungua zamu yako ikifika. Usemapo, maliza sentensi, nyamaza kidogo.

Simu mbili za kikao kimoja zisiwekwe spika chumba kimoja, zitapiga ukelele. Na kabla sijabonyeza kitufe, namwambia aliye upande wa pili kwamba namweka spika na nani yuko nami chumbani.