Neno Lilitoka kwa Nani

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza ya sosholojia pale mwalimu mmoja aliponiita nimsaidie katika utafiti wake kuhusu wazee wanaoishi peke yao. Mpaka siku hiyo utafiti kwangu ulikuwa kitu cha mtihani: aina za sampuli, tofauti ya hojaji na mahojiano, Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, na takwimu za kujiua katika kitabu chake cha mwaka 1897.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika mahojiano yaliyorekodiwa, neno kwa neno. Saa moja ya sauti ilinila saa sita. Mwalimu alitaka kila kitu kionekane kwenye karatasi: kikohozi, kusita, hata kimya na sekunde zake. Baada ya wiki kadhaa akaniruhusu nikamhoji mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Nilirudi na furaha tele. Tukakaa ofisini kwake kusikiliza.

Dakika ya 14 akasimamisha, akarudisha nyuma. Nilikuwa nimemuuliza mama jioni zake zikoje. Akanyamaza sekunde tatu, nami nikadakia: "Unajisikia mpweke?" Akajibu, "Ee, ndiyo, upweke." Mwalimu alikirudia kipande hicho mara tatu, kisha akaweka ncha ya penseli juu ya neno hilo kwenye karatasi yangu.

"Hili limetoka kwa nani?"

Nilihisi uso unawaka. Nilikwisha kuliweka "upweke" juu kabisa ya orodha yangu ya mada, nikidhani nimegundua jambo. Hakunikaripia. Alinisimulia jinsi Du Bois, mwanasosholojia Mmarekani mweusi, katika utafiti aliouanza katika mji wa Philadelphia mwaka 1896, alivyokwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba kuhoji watu. "Wewe umepiga hodi," akasema, "halafu ukajifungulia mlango."

Darasani tulifundishwa kuepuka maswali elekezi, yale yanayomtia mtu jibu mdomoni, na kwenye mtihani nililijibu swali hilo nikapata alama zote. Lakini hakuna aliyewahi kunisikia nikiuliza. Ndiyo maana hadi leo nasema mwanafunzi wa sosholojia asimalize shahada bila mtu mmoja wa kukaa naye hivyo, sikio kwa sikio, juu ya kazi yake mwenyewe.

Mama alikubali turudi. Nilimweleza upya kwamba yuko huru kukataa swali lolote. Mwalimu alikaa pembeni bila kusema neno. Nikauliza swali lilelile, nikanyamaza. Mikono nilikuwa nimeibana katikati ya magoti. Nilipokuja kusikiliza rekodi nilihesabu sekunde 11.

"Mwanangu," akasema mama, "siku hizi nikichelewa kurudi, hakuna wa kuniuliza nilikuwa wapi."

Usiku ule nilifungua orodha yangu, nikafuta "upweke", na mahali pake nikaandika: hakuna wa kuniuliza.